Tulivyokagua na kutengeneza njia za miguu milimani kwetu Lushoto

Njia za miguu za huku Usambara ni kama hazina mwenyewe, barabara ya gari ikikatika greda linakuja lakini kinjia cha kushuka mjini kikiliwa na maji kila mtu anatafuta pa kupita pembeni, basi kinapanuka mpaka kinaingia kwenye shamba la mtu. Na ndo humo humo wamama wanapita alfajiri na tenga la kabichi kichwani wawahi soko, watoto wanaenda shule, wageni wanaenda kwenye genge la Irente kuangalia kijiji cha Mazinde kule chini. Tukajikusanya wachache wa kujitolea tukaanza wenyewe.

Kubwa nililojifunza ni hili, ukaguzi fanya mvua ikinyesha. Kiangazi ule udongo mwekundu unakauka unakuwa mgumu kama sakafu, huwezi jua maji yanaingilia wapi. Masika unavaa gambuti unapanda taratibu unayafuata, unaona kabisa hapa yanatoka shambani yanaingia njiani, hapa yanapata mteremko yanakimbia, hapa yamechimba mpaka mizizi iko nje. Tatizo liko pale yanapoingilia jamani, ukijaza mawe kwenye shimo na huko juu hujagusa, masika ijayo mawe yako yako bondeni.

Simu nilishusha kabisa ramani ya OpenStreetMap kabla ya kutoka maana mtandao mabondeni unapotea, narekodi njia, kila palipoharibika napiga picha na fimbo imesimama ndani ya shimo ili kina kionekane, halafu kwenye daftari naandika kifupi tu "maji, kulia, mawe yapo karibu". Hilo la mawe usilisahau, kuyabeba kupandisha mlima ndo kazi inayomaliza watu nguvu.

Mtaro wa kukatisha njia tunauchimba kwa mshazari, ukiukata moja kwa moja maji yanapungua kasi, tope linatua na mtaro unaziba, ila wa mshazari maji yanausafisha yenyewe. Upande wa chini tunapanga mawe makubwa, zaidi ya nusu yazame ardhini, unakanyaga kila moja, likicheza linatoka linapangwa upya.

Sasa maji ukiyatoa njiani yanaenda wapi? Mzee mmoja alitusimamisha pale pale na majembe yetu, "Wanangu, hayo maji mnataka nilale nayo mimi?" Na alikuwa na haki kabisa. Tukakaa nae tukaongea, mwishoe akatuonesha mwenyewe korongo la zamani lililofukiwa, tukalizibua, kingo tukapanda majani ya Gwatemala ambayo huku kila mkulima anayajua, yanashika udongo na ng'ombe wanakula.

Ndani ya hifadhi ya msitu wa Magamba ni tofauti, huko bila ruhusa ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, usiingie na jembe wala panga.

Kwa sasa kazi kubwa ni kuzibua, majani ya mikaratusi na matope yanajaa mitaroni, kila mtu ana kipande chake anapita na chepe kabla ya vuli na tena kabla ya masika. Kinachotusumbua bado ni bodaboda, tairi linachora mfereji katikati ya njia, kwa hiyo penye mwinuko mkali tumeanza kupanga ngazi za mawe, pikipiki haipandi ila mama mwenye mzigo anapanda vizuri hatua zikiwa fupi.