Fidla za Argyle Street

Baridi ya mwanzo wa 2010 ilikuwa mbaya Uskoti nzima. Glasgow njia za miguu ziliganda barafu wiki kadhaa, na mimi wa Mombasa nilikuwa naenda chuoni nimeshika kuta. Tulipanga nyumba moja wanafunzi wanne, na chumba kilichopakana na changu alikaa kijana wa kisiwa cha Lewis, kule juu kaskazini-magharibi. Mamake akipiga simu walizungumza Kigaeli, lugha ya asili ya kule. Mtu wa maneno machache, ila ukimgusia muziki halali.

Kila Januari jiji lile lina tamasha linaitwa Celtic Connections. Lilianza 1994, na sababu yenyewe ilikuwa ya kibiashara tu: Royal Concert Hall ulikuwa ukikaa mtupu baada ya Krismasi, watu pesa zimewaishia. Wakaita wapigaji wa muziki wa asili wa Uskoti, Ayalandi na kwingineko, ukumbi ukajaa, na hadi leo unajaa. Nilipoona bei za tiketi nikafunga kompyuta. Mwenzangu akaniuliza tiketi za nini. Wapigaji wakishuka jukwaani, alisema, huenda baa wakapiga bure mpaka wafukuzwe.

Basi Ijumaa usiku tukaenda baa moja ya Argyle Street wanakokutana watu wa visiwani. Niliagiza Irn-Bru, ile soda ya rangi ya chungwa ambayo mtu wa Glasgow atakugombeza ukiisema vibaya, na hakuna aliyejali kwamba sinywi pombe. Nilitafuta jukwaa sikuliona. Palikuwa na meza pembeni, glasi zimejaa juu yake, na watu wameizunguka na vyombo: fidla tatu, akodioni, gita, msichana mwenye filimbi ya bati. Mzee mmoja alikuwa na bodhrán, tari kubwa ya ngozi ya mbuzi. Aliipiga kwa kijiti kifupi, na mkono wa pili ulikuwa kwa ndani, unaibonyeza ngozi sauti ipande na kushuka. Mwingine alikuwa na zumari za Kiairishi, zile zisizopulizwa kwa mdomo. Upepo unatoka kwenye mvukuto uliofungwa kiunoni, nao unabanwa kwa kiwiko. Alikuwa ametulia kabisa usoni huku kiwiko kikienda mbio.

Mimi nimekulia nyumba ya fidla. Ami yangu amepiga taarabu kwenye harusi za Mombasa tangu sijazaliwa, na somo lake halikubadilika: fidla imfuate mwimbaji, iimbe naye, isikimbie. Kwa hiyo macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye mikono ya mwanamke aliyekaa karibu nami. Upinde wake haukuvutwa mrefu hata mara moja. Alitumia kipande kifupi cha juu, kifundo cha mkono kimelegea, na kila noti iliyotaka kutulia kidole cha kushoto kiliigusa na kuruka, ikakatika vipande vipande. Ule mtikiso wa kidole ambao Ami huutia ndani ya kila noti ndefu haukuwepo kabisa. Ingekuwa yeye amekaa pale, angemnyang'anya yule mama upinde.

Nilipozoea ndipo nikaanza kuona njia. Tuni ina sehemu mbili fupi. Ya kwanza inapigwa mara mbili, ya pili mara mbili, halafu wanazunguka tena tangu mwanzo. Wakishazunguka mara tatu hivi mtu mmoja anainua macho, na wote wanaingia tuni nyingine bila kupumua. Karatasi hakuna. Nikamuuliza mwenzangu wamefanya mazoezi wapi. Akasema wawili kati ya wale wa fidla wamejuana saa moja iliyopita. Kisha wakaingia jigi, aina ya tuni ya kucheza, na hapo sikuhitaji kuelezwa kitu. Mpigo wa sita! Ziondoe fidla, iache ile tari peke yake, umebaki na chakacha. Mguu wangu ulikuwa ushajua la kufanya.

Kati ya tuni hizo palikuwa na moja ya taratibu, ya huzuni, ambayo ningeapa imetoka enzi za wafalme wao. Nikauliza ni ya karne gani. Mwenzangu akanionyesha kijana wa akodioni, mwenye sweta iliyotoboka kiwiko. "Ni yake yule. Ameitunga mwaka jana." Na wenzake pale mezani walikuwa wanaipiga bega kwa bega na tuni za miaka mia mbili, bila kuitangaza wala kuiwekea heshima ya peke yake.

Karibu na saa sita wanawake wawili wakaweka vyombo chini wakaanza kuimba Kigaeli, wanagonga meza kwa viganja. Mmoja anatoa, wengine wanapokea. Hizo ni nyimbo za kazi za Hebrides, visiwa ambavyo Lewis ni kimojawapo: wanawake walikaa kuzunguka ubao wakipigapiga kitambaa cha sufu kilicholoweshwa mkojo uliolala siku nyingi mpaka kijikaze, na wimbo uliwapa mpigo. Mwenzangu akaniambia kwa majivuno kwamba mwaka 1992 bendi ya Capercaillie ilichukua wimbo mmoja wa namna hiyo, wenye miaka kama mia nne, ikautia vyombo vya kisasa, ukaingia kwenye orodha ya nyimbo 40 bora za Uingereza. Kabla yake hakuna wimbo wa Kigaeli cha Uskoti uliowahi kufika hapo. Alikuwa mtoto mdogo, lakini alilisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyeupeleka.

Kesho yake sikumwacha alale. Tukaenda duka la CD mjini, akanijazia mikono, nami nikarudisha nyingi kwa sababu ya bei. Nilitoka na tatu.

Moja ilikuwa ya Lau (naam, jina ndilo hilo), albamu yao ya kwanza, Lightweights & Gentlemen ya 2007. Watu watatu tu: Kris Drever wa Orkney kwenye gita na sauti, Aidan O'Rourke kwenye fidla, Martin Green kwenye akodioni. Nzuri sana, ila ni muziki wa kukaa nao. Usiuweke unapika.

Ya pili ilitufanya tukose chakula cha mchana. Grit, ya Martyn Bennett, ilitoka 2003. Bennett alikuwa fundi wa zumari na fidla, kansa ikamfikisha mahali hawezi tena kuvipiga. Akageukia kompyuta na kanda na santuri za zamani, sauti za waimbaji wa Kigaeli na za Wasafiri, watu wa kuhamahama wa Uskoti, kina Sheila Stewart na Lizzie Higgins, akazipandisha juu ya ngoma za klabu. Alifariki Januari 2005, ana miaka 33. Ndani mna zaburi ya Kigaeli inavyoimbwa makanisani Lewis: kiongozi anatoa mstari, waumini wanaupokea kila mtu kwa mapambo yake, sauti zinapishana. Chini yake ngoma za mashine. Mwenzangu alisikiliza amejishika kichwa. "Bibi yangu akisikia hii atanikana," alisema, akairudisha mwanzo.

Ya tatu niliichukua kwa udadisi: Volume 1: Sound Magic ya kundi la Afro Celt Sound System, 1996. Simon Emmerson, mwanzilishi wa kundi, alipata wazo lake akifanya kazi na mwimbaji Baaba Maal wa Senegal, aliposikia tuni za kule zinavyokaribiana na za Kiairishi. Iarla Ó Lionáird anaimba kwa Kiairishi, kora ya Kauwding Cissokho, chombo cha nyuzi cha Afrika Magharibi, inamjibu. Kwa sikio langu mashine zimezidi mahali pengi. Lakini katika kusoma majina ya wapigaji kwenye kijitabu nikakutana na Ayub Ogada. Mpiga nyatiti, Mjaluo, na amezaliwa Mombasa! Nikampelekea mwenzangu kijitabu uso wote meno.

Jioni nikampigia Ami simu nikaiweka Lau karibu na spika. Alinyamaza mpaka tuni ikaisha.

"Huyo apiga kweli," alisema. "Lakini apumua saa ngapi?"

Nikamweleza habari za baa, za kupiga bure usiku kucha. Hilo halikumpendeza hata kidogo. Mtu na fidla yake alipwe. Nikamtajia na Ogada. Swali lake likawa lile lile, walimlipa? Halafu akataka kujua kama huyo rafiki yangu wa kisiwani anaweza kuja Agosti, kuna harusi ya dadangu.

"Ami, yeye hapigi chombo. Asikiliza tu."

"Basi huyo wa nini? Nitafutie yule mwenye sweta."