Nilivyotoboa upya diski za breki za Datsun yangu hapa Mwanza

Datsun 1200 yangu, pikapu ya miaka ya 70, nilipewa na baba mdogo ikiwa na ugonjwa mmoja: ukikanyaga breki ukiteremka kutoka Bugando, pedeli inatetemeka mguuni. Aliyekuwa nayo kabla yake alishabadilisha breki za mbele, akafunga kalipa (vibanio vya pedi) za Nissan ya karibuni na diski zinazovaliwa juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Diski zenyewe zilikuwa zimelika kupita unene wa mwisho ulioandikwa ukingoni, kwa hiyo ilikuwa lazima zitoke.

Nilipozitoa nikakuta kila moja ina matundu manane, manne ya kupitisha stadi (bolti za gurudumu zinazotoka kwenye habu) na manne yasiyotumika. Nikageuza moja kuangalia kwa ndani. Kwenye mdomo wa tundu moja kulikuwa na ukucha mdogo wa chuma, na habu imeusugua mpaka unang'aa. Nikaelewa mtetemo ulikotoka. Aliyetoboa hakusafisha midomo ya matundu, diski ikakaa upande miaka yote ile.

Dukani nilipata diski mpya zenye kipenyo na kimo kile kile, ila za matundu manne yaliyopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Habu ya Datsun ni manne kwenye duara la 114.3, yaani inchi nne na nusu. Nikazipeleka Nyakato kwa mzee mmoja anayekereza shafti za pangaboi za mitumbwi. Alizishika, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, tundu la katikati linakaa?" Halikukaa. Lilikuwa pana kuliko shingo ya habu, ile sehemu ya duara iliyochomoza katikati yake, kwa milimita 4.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nililichukulia kinyume. Nilidhani stadi ndizo zinazoweka diski katikati. Kumbe kazi hiyo ni ya shingo ya habu, stadi na nati zinabana tu. Mzee akakereza pete ya alumini, ukuta wake milimita 2, ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba.

Nilikuwa na habu ya akiba isiyo na stadi. Tuliikalisha ndani ya kofia ya diski (sehemu yake ya kati iliyoinuka) kwa pete ile, tukaizungusha mpaka kila tundu lake likaangukia katikati ya nafasi kati ya matundu mawili ya zamani, tukabana kwa jiliwa, tukapiga alama kupitia matundu ya habu. Kabla ya kutoboa tulipima: kona kwa kona 114.3, tundu kwa tundu jirani 80.8. Kati ya tundu jipya na la zamani inabaki kama milimita 28 za chuma, inatosha kabisa. Kama tundu jipya lingegusa ukuta wa kofia au kuingiliana na la zamani, ningeacha. Na usimruhusu mtu azibe matundu ya zamani kwa welding, chuma cha kalibu kama cha diski kikipata moto wa namna hiyo kinapasuka. Yaache wazi.

Tulianza na biti ya 5, ikaja ya 8, tukamaliza na 13 kwa stadi za 12. Drili ya kusimama, mwendo wa polepole, bila mafuta. Chuma hiki hakitoi nyuzi, kinatoa unga mweusi kama kahawa iliyosagwa. Kisha mzee akachukua biti nene, akaizungusha kwa mkono kwenye kila mdomo, pande zote mbili. Nilipitisha kidole mara tatu.

Nyumbani nilifunga diski ya kulia kwa nati zote nne na kuweka saa ya kupimia mchezo wa diski inapozunguka. Ikacheza milimita 0.18, moyo ukanishuka. Nikaifungua tena: kutu kwenye uso wa habu. Msasa, kitambaa, kufunga upya, ikasoma 0.05. Ya kushoto niliisafisha kwanza, ikatoka vizuri mara moja.

Alfajiri nilienda barabara ya Airport kuzizoesha pedi mpya, kupunguza mwendo taratibu kutoka 60 mara kumi, nikiziacha zipoe katikati. Baada ya kilomita 50 nikakaza nati tena.

Jumapili nikamrudia mzee na sato wawili. "Wabeja," akasema, yaani asante kwa Kisukuma, halafu akainama kuangalia matairi kabla hajawapokea. Jioni nikateremka Bugando na mama. Zamani kila teremko alikuwa anashika dashibodi. Safari hii mikono yake ilibaki juu ya kikapu chake mpaka tukafika chini.