Bibi alisema ni mbwa, sio nyani

Nyumbani kwa bibi, Ngamiani barabara ya 11, Tanga, kulikuwa na vitabu vitatu tu ukitoa Msahafu na juzuu zetu za chuoni, na vyote vitatu vilikuwa vya mjomba ambaye alikuwa mwalimu huko Muheza na aliviacha kwenye sanduku la bati chini ya kitanda pamoja na nguo zake za ujana na barua ambazo tulikatazwa kuzigusa. Hekaya za Abunuwasi, Mashimo ya Mfalme Sulemani, na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Basi. Watu wakikaa wakaanza kutaja vitabu vya utotoni kwao mi nasikiliza orodha ndefuu, na mi vyangu ni hivyo vitatu, na nimevipenda kuliko kitu chochote nilichokuja kusoma ukubwani.

Vilikuwa vimejalidiwa na karatasi ya mfuko wa saruji, ile ya kaki ngumu, Tanga hapo kiwanda kipo kwa hiyo karatasi hiyo haikuwa shida, na gundi ni uji wa unga wa muhogo. Mpaka leo nikipita penye mfuko wa saruji uliochanika na nikasikia ile harufu ya vumbi namkumbuka Abunuwasi.

Kitu kimoja lazima niseme, sikuwahi kusoma hata kimoja kati ya hivyo kimya kimya. Nilisoma kwa sauti, usiku, baada ya isha, bibi amekaa kwenye mkeka anasuka ukili na mi nimekaa karibu na kibatari. Miaka hiyo, nazungumzia 84, 85, mafuta ya taa yalikuwa ya kupanga foleni na mara nyingine unarudi na chupa tupu, kwa hiyo usiku wa kuwa na mafuta ulikuwa usiku wa kusoma na usiku wa kukosa mafuta bibi anasimulia mwenyewe gizani. Vidole vyake havikuhitaji taa, ukili unakwenda tu unajikunja pembeni yake kama nyoka, na asubuhi mi nikipenga kamasi inatoka nyeusi kwa moshi.

Na hakukubali nifungue kitabu hivi hivi. Lazima kwanza aseme yeye, paukwa, nijibu pakawa, kisha kaondokea chenjagaa kajenga nyumba kakaa, tumalize yote, ndo aniambie haya mke mwenza, soma. Alikuwa ananiita mke mwenza kwa sababu ya babu, na mi naitika labeka, nafungua.

Abunuwasi ndo alikuwa wa kwanza. Kama hukumsoma, ni yule mjanja wa Baghdadi anayeazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kijisufuria kidogo ndani anasema sufuria yako imezaa, jirani kwa tamaa anapokea anashukuru, siku nyingine anaazimwa tena anatoa kwa furaha, safari hii hairudi, akiuliza anaambiwa pole, sufuria imekufa. Jirani anakuja juu, sufuria inakufaje, na Abunuwasi anamuuliza mbona ilipozaa ulikubali. Bibi alikuwa anajua mwisho, anaujua kuliko mi ninayesoma, lakini nikikaribia ile sehemu anaacha kusuka kabisa, ukili anauweka mapajani, anasubiri, na nikifika kwenye imekufa anacheka mpaka anajifuta macho na upande wa kanga. Kila mara. Sijui tulisoma mara ngapi.

Nilipokuwa mkubwa ndo nikajua Abu Nuwasi alikuwa mtu kweli, mshairi aliyeishi Baghdadi enzi za Harun Rashid, karne ya 8 kuingia ya 9, na hizo hekaya watu wamekuja kumbandika baadaye, zikasafiri na majahazi zikafika kwetu. Kwa bibi hiyo isingekuwa habari mpya. Kwake Harun Rashid na Abunuwasi walikuwa watu wanaofahamika kabisa, anawataja kama anavyotaja majirani wa Pangani alikozaliwa.

Mashimo ya Mfalme Sulemani tulisoma mara moja na nusu. Hicho ni cha Mwingereza, Rider Haggard, kilitoka kwao 1885 na kikatafsiriwa Kiswahili na Frederick Johnson mwaka 1929, na Kiswahili chake jamani ni kizuri, unaona kabisa kilipita kwenye masikio ya watu wa pwani. Mi nilikipenda kwa woga. Yule kizee Gagula, mchawi, aliyeishi miaka isiyohesabika, nilikuwa siwezi kwenda uani peke yangu nikishamsoma. Mwisho lile jiwe la mlango linashuka linamponda. Nikamaliza kusoma hapo nikainua macho nikitegemea bibi afurahi maana mbaya amekufa, bibi kanuna. Kasema, mbona kila penye uovu wanamweka bibi kizee? Na wale waliokuja kuchukua mali za watu wasizozizika, hao ndo wema? Nikakosa jibu, nilikuwa na miaka tisa. Tulipokianza tena mara ya pili tulifika katikati akasema kirudishe sandukuni. Nimekisoma tena ukubwani, na ninaona alichokiona, jinsi watu weusi walivyochorwa mle inaumiza, lakini siwezi kusema sikukipenda, nilikipenda, na Gagula bado namwogopa kidogo.

Sasa Adili na Nduguze.

Hiki kilitoka 1952, na bibi alikuwa na heshima nacho ya pekee kwa sababu Shaaban Robert ni wa kwetu, Machui si mbali na Tanga mjini, na miaka ya nyuma alikuwa karani wa forodha Pangani na bibi alisema alimwona akiwa kijana, mtu nadhifu, anatembea taratibu. Kwa hiyo nilikuwa nasoma maneno ya mtu ambaye bibi yangu alimwona kwa macho yake. Kwa mtoto hicho ni kitu kikubwa sana, mi nilidhani watu wanaoandika vitabu wote wako Ulaya au wamekufa zamani za mitume.

Kiswahili chake kilikuwa kigumu kwangu, nakwama, na bibi ananivusha. Neno silijui naandika kwa kidole hewani herufi moja moja namtajia, yeye anaunganisha anasema aah, hilo ni neno fulani, maana yake hivi. Na hapa nataka nieleze jambo. Bibi alikuwa hajui kusoma herufi hizi zetu. Lakini alikuwa anajua kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua zote na kaka yake wa Pangani walikuwa wanaandikiana hivyo, Kiswahili safi kwa hati ya Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Miaka ya sabini ilipokuja kampeni ya kisomo cha watu wazima, jambo jema ambalo siwezi kulilaumu maana limewatoa wengi gizani, mwandikishaji mmoja alimuuliza unajua kusoma, akasema najua, akapewa karatasi yenye a e i o u, hakuiweza, akaandikwa hajui. Alihudhuria jioni mbili akaacha. Alikuwa halizungumzii sana ila nilipokuwa namsomea na akanitafsiria neno gumu la Shaaban Robert ambalo mwalimu wangu wa shule asingelijua, mara moja moja anasema kwa sauti ndogo, na mi ndo nisiyejua kusoma. Mpaka leo likinijia linanichoma.

Basi hadithi yenyewe. Kuna mtu mwema, Adili, liwali, ana manyani wawili amewafunga, na kila usiku anawatoa anawapiga, anawapiga kweli kweli, kisha anawalisha chakula kizuri anawafuta machozi na yeye mwenyewe analia. Mjumbe wa mfalme anachungulia anaona mambo hayo, habari inafika mbali, Adili anaitwa aeleze. Kumbe wale manyani ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu, walimfanyia ubaya mkubwa, na jini Huria kawageuza na kamwamuru awapige kila usiku. Fikiria mtoto wa darasa la tatu anasoma hiyo kwenye kibatari. Mtu anampiga ndugu yake na mwenyewe hataki kumpiga. Nilikuwa nasimama nameza mate.

Nilipofika kwenye manyani siku ya kwanza bibi kasimamisha ukili. Kasema, sio nyani. Nikamwambia bibi imeandikwa nyani. Kasema, hadithi hii naijua tangu kwa mama yangu, wale ni mbwa. Mbwa wawili weusi. Nikarudia, nikamwonyesha na kidole, en, ye, a, en, i. Kasema basi Shaaban kaona mbwa watu wataona kinyaa kawaweka nyani, lakini ni mbwa. Tukaendelea, na kila nikisoma nyani yeye chini kwa chini anasema mbwa, nyani, mbwa, nyani, mpaka ikawa kama tunaitikiana.

Na mwisho nao tukagombana. Kitabuni ndugu wanasamehewa, wanarudi kuwa watu. Bibi kasema hapana, kwa mama yangu walirudi kuwa watu kweli lakini hawakuacha, wivu ulibaki, wakaja kumtupa ndugu yao majini. Nikalia. Mi nilitaka iwe kama kitabu. Bibi akanyamaza, akaniambia nisome tena ule ukurasa wa mwisho. Nikasoma. Akasema tena. Nikasoma mara ya tatu na mafuta yanaishia kibatarini, utambi unakoroma.

Shule hayo hayakuwepo. Siwezi kuyaandika haya bila kuitaja shule. Tulikuwa na vitabu vya kiada vya kugawana dawati zima, na ndani yake kulikuwa na vitu vizuri, nani wa rika langu hamkumbuki sungura aliyezikosa ndizi akasema mbichi, au yule baba aliyerudi mgonjwa akawaambia wanawe mali wataipata shambani, tuliimba mpaka tukaota. Lakini vitabu vya hadithi vilikuwa kabatini, nyuma ya kioo, unaviona migongo, na ufunguo alikuwa nao mwalimu aliyeamini watoto wanachafua. Nilimaliza darasa la saba sijagusa hata kimoja. Mwaka mmoja baadaye mdogo wangu akaja kuniambia lile kabati limefunguliwa na mchwa wamekula kuanzia nyuma, vimebaki migongo tu imesimama, ukiushika unabaki na unga mkononi. Jambo hili nimeshindwa kulisamehe na sioni sababu ya kulisamehe. Kwa hiyo Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza mwaka 1991 na wadogo zangu wakaanza kurudi na vitabu vyembamba vya Kiswahili vyenye picha, vya kwao, vya kushika na mikono yenye mafuta ya kitumbua, mi nilikuwa nishapita umri huo na nilivisoma vyote hivyo hivyo.

Bibi alifariki 1998. Vitabu viwili vilipotea kwenye kuhama hama, Adili ninaye mimi, kaki yake imekatika kwenye mikunjo.

Mwaka 2014 ndo nilianza kusoma Alfu Lela Ulela nzima, kwa Kiingereza, ile tafsiri ndefu ya Richard Burton iliyoanza kutoka 1885, ipo bure kwenye intaneti nikaipakua kwenye simu nikawa naisoma kwenye daladala foleni ya Ubungo. Burton huyu huyu alipita Tanga na Pangani mwaka 1857, yaani huenda alisikia hadithi zikisimuliwa kwenye baraza za kina babu wa bibi yangu, mi napenda kuwaza hivyo. Nikasoma kwa miezi. Karibu na mwisho kabisa, usiku wa 978 kwenda mbele, ikabaki hadithi moja tu ya Maarufu fundi viatu kabla ya kufunga, nikakutana na Abdullah bin Fadhil na ndugu zake. Ni liwali wa Basra. Kila usiku anawatoa wawili anawapiga, anawalisha, analia. Khalifa anamwita aeleze.

Ni mbwa.

Nilishuka kituo ambacho sio changu. Nikakaa kwenye benchi la mama ntilie nikamalizia hapo hapo na mwisho nao ni ule ule wa bibi, wanarudi kuwa watu, hawaachi, wanamtupa mtoni. Mwanamke aliyeandikwa hajui kusoma alikuwa nayo yote kichwani tangu kwa mama yake, mbwa na mto na kila kitu. Na Shaaban Robert aliijua pia bila shaka, na akaamua ndugu wasamehewe. Nimefikiria sana kwa nini na nadhani alitaka tu, kama mi nilivyotaka.

Kuna kitu nilikuwa nimekisahau kikanirudia pale kwenye benchi. Wiki ile tuliyomaliza kitabu, bibi aliniomba kalamu ya risasi na karatasi nichane kwenye daftari. Yeye na kaka yake walikuwa hawaandikiani tena karibu miaka minne, kisa minazi ya urithi. Akaandika kulia kwenda kushoto, polepole, mistari haikuzidi sita, akakunja, nikaipeleka stendi nikampa konda wa basi la Pangani. Sikujua kuisoma hivyo sijui alisema nini. Kaka mtu hakuja. Ila baada ya kama wiki mbili konda akateremsha gunia la nazi mlangoni, akasema limetoka kwa mzee, na bibi akakaa chini akazihesabu mbili mbili, anaitikisa kila moja sikioni, mbovu tatu akaziweka kando.