Siku yangu moja: kutafutia hewa ya maabara njia

Saa 11 alfajiri niko kituoni Kimara nasubiri mwendokasi, kofia ngumu kwenye begi. Nikimwambia mtu kwamba mimi ni mhandisi wa mifumo ya majengo, hujibu, "Aah, fundi AC." Mafundi AC nawaheshimu sana, bila wao michoro yangu ni karatasi tu. Ila acha niwaonyeshe siku yenyewe.

Saa 1 hadi saa 3: chai, barua pepe, hesabu. Tunajenga maabara ya kupima kifua kikuu. Chumba kimoja kina mita za ujazo 60, na hewa yake nataka ibadilike mara 12 kwa saa, yaani mita za ujazo 720. Hairudishwi chumbani kama ya kiyoyozi cha nyumbani. Yote inatolewa juu ya paa. Presha ya chumba inakuwa ndogo kuliko ya korido, ili mlango ukifunguliwa hewa iingie, isitoke na vimelea. Feni ya kutoa hewa huwaka kwanza. Ikizimika, ya kuingiza nayo izime papo hapo, la sivyo chumba kitawapulizia wagonjwa waliokaa kwenye benchi nje.

Saa 3 na nusu nikapanda kukagua slabu, sakafu ya juu, kabla ya kumwagwa zege. Siku ikanasa hapo.

Kisanduku cha mbao cha kuachia tundu la dakti, yaani mfereji wa kupitishia hewa, kilikuwa sentimita 40 nje ya mahali pake, palepale linapopita bomba la maji taka.

"Shikamoo mzee," nikamwambia fundi aliyekiweka. "Hiki kimekaa pabaya."

"Marahaba. Kimekaa ramani ilivyosema."

Kweli. Ramani aliyoshika ni ya kabla ya bomba kuhamishwa.

"Tutatoboa baadaye, Injinia. Magari ya zege yameshaitwa."

Hakuna neno linalonichosha kama hilo. Kutoboa slabu iliyokwisha kushika ni mashine, vumbi, nondo kukatwa, na mafundi wa aina tatu kusubiriana siku nzima. Ukikwepa kutoboa, unaipindisha dakti kona mbili, na feni itakula umeme zaidi miaka yote ya jengo hilo. Nikakataa kusaini. Mkandarasi akaja, sauti ikapanda, akahesabu hasara mbele ya vibarua. Nondo za kuzungushia tundu jipya ni lazima aziidhinishe mhandisi wa miundo, naye yuko kwenye foleni. Gari la kwanza likaingia, ngoma inazunguka, na zege kwenye joto la Dar halisubiri: dakika tisini hivi, basi. Nikapiga simu kiwandani wasipakie mengine. Hilo moja tukalimwaga kwenye msingi wa chumba cha jenereta, ambao kwa bahati ulikuwa tayari.

Chakula cha mchana sikumbuki. Nakumbuka jua, na simu ya bosi, mara ya pili, ya tatu. Mhandisi alipofika alichora kwa penseli juu ya mbao, mafundi nondo wakasuka, na yule mzee akapima kwa futi mara tatu, kila mara akiniita nisome mwenyewe.

"Kwani hili tundu ni la nini hasa?" akauliza.

Nikamweleza. Miezi mitatu ya saiti, hakuna aliyewahi kumwambia, nami nikiwemo. Ramani mpya niliituma ofisini kwa barua pepe nikajiona nimemaliza. Mkononi mwake haikufika.

Zege likaanza jioni, tukamaliza kwa taa. Miguu ilikuwa imevimba ndani ya buti, lakini nilizunguka saiti yote na mzee, tukikusanya ramani za zamani moja moja, hadi ile waliyofunikia ndoo ya maji ya kunywa. Zilikuwa tisa.