Kuigawa 2147483647 kwa kalamu

Namba 2147483647 ni tasa. Sentensi hiyo huandikwa kwa sekunde chache, lakini Jumapili iliyopita nilikaa na daftari nione ilimgharimu nini mwanahisabati Leonhard Euler kuithibitisha mwaka 1772, akiwa St. Petersburg na macho yake yakiwa yamekaribia kupofuka kabisa.

Namba yenyewe ni 2³¹ − 1. Njia tuliyofundishwa shuleni ni kuigawa kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa kinapita 46340 kidogo. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni elfu nne na ushei, na sidhani kama kuna mwenye subira hiyo.

Euler alizichuja kwanza. Tuseme namba tasa q inaigawa 2³¹ − 1 bila baki. Basi mabaki ya vipeo vya 2 yakigawanywa kwa q hujirudia kila baada ya hatua 31, na kwa kanuni ya Fermat hujirudia pia baada ya hatua q − 1. Kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, ni lazima iigawe q − 1, na kwa kuwa q ni witiri, itakuwa na umbo la 62k + 1, k ikiwa namba nzima. Mwenye shaka na aijaribu 2¹¹ − 1, yaani 2047, ambayo ni 23 mara 89: punguza moja katika kila kigawo, utapata 22 na 88, na zote mbili zinagawanyika kwa 22. Chujio la pili ni zuri zaidi. Ukigawa 2³² kwa q unabakiwa na 2, na 2³² ni mraba wa 2¹⁶, kwa hiyo 2 ni baki la namba mraba iliyogawanywa kwa q, jambo linalowezekana tu iwapo q ikigawanywa kwa 8 inabakiza 1 au 7. Ukiyaunganisha masharti hayo, vigawo vinavyowezekana ni vya umbo la 248k + 1 au 248k + 63 tu, na namba tasa za kujaribu hazifiki hata mia.

Ya kwanza ni 311, na inabakiza 35. Kwenye 1303 nilisahau kubeba moja, hesabu ikatoka bila baki, na kwa dakika kumi nzima nilijiona nimemkosoa Euler. Baki la kweli ni 226. Kwa 1489 baki ni 199. Hapo nikafunga daftari.

Hadi mwaka 1867 hii ndiyo iliyokuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana. Mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba haielekei mtu atatafuta namba kamilifu (iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe) kubwa kuliko ile inayotokana na namba hii, kwa kuwa namba kamilifu ni za kustaajabiwa tu na hazina matumizi. Lakini 2147483647 yenyewe imepata matumizi katika kompyuta: anza na 1, zidisha kwa 16807, chukua baki la kugawa kwa 2147483647, kisha rudia. Unapata 16807, halafu 282475249, halafu 1622650073, namba zinazoonekana kama za bahati nasibu, na hutarudi kwenye 1 mpaka umepita kila namba kuanzia 1 hadi 2147483646, bila kuruka hata moja. Lau 311 ingeigawa namba hii bila baki, mzunguko huo usingeifikia 311 kamwe.