Usimwulize anajifunzaje, mpe ajipime

Katika madarasa ya Lubumbashi bado tunasikia: huyu ni mtoto wa macho, yaani anajifunza kwa kuona, yule wa masikio, yule mwingine wa mikono. Majina hayo tuyaache. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake, watafiti wa Marekani, walipitia tafiti zilizokuwepo wakakosa ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa "mtindo wake" kunamfanya ajue zaidi. Mwanafunzi ukimwuliza, atakwambia anachopenda. Kinachomfaa atakiona akijipima mwenyewe.

Chagua vifungu viwili vya nusu ukurasa, vyenye ugumu unaokaribiana: kimoja juu ya mto Lualaba, kingine juu ya kusafisha shaba kwa umeme. Gawa darasa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza wasome Lualaba kwa kurudia-rudia, dakika 15. Kile cha shaba wakisome dakika 5, wafunge kaye (daftari), waandike dakika 5 yote wanayoyakumbuka, kisha dakika 5 wafungue na kujisahihisha kwa biki ya rangi nyingine. Nusu ya pili wafanye kinyume. Usipowabadilisha hivyo, hutajua kama kilichosaidia ni njia ya kusoma au ni wepesi wa kifungu chenyewe.

Kabla hawajatoka, kila mmoja aandike: kwa maswali 10 ya kila kifungu, nitapata mangapi? Maswali yaje baada ya siku 7, bila kuwaonya. Hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu: wanauliza palepale, na palepale kurudia-rudia kunaonekana kushinda. Roediger na Karpicke, watafiti wa kumbukumbu, walilionyesha hilo mwaka 2006: baada ya dakika 5 waliosoma tena walitangulia, lakini baada ya juma moja waliojikumbusha bila kutazama ndio waliobaki na mengi.

Alama usizisome kwa sauti. Ukizisoma, safari ijayo watanakiliana na kipimo kimekufa. Kila mtu aziweke pamoja alama alizokisia na alizopata, aangalie pengo. Aliyekisia 9 akapata 4 amedanganywa na macho: maneno ameyazoea, akadhani anayajua. Aliyekisia 3 akapata 7 ana nguvu ambayo hakuwa na habari nayo, na huyo asiponyoosha mkono usimdhanie mzito. Rudieni mara 3 hivi, kwa masomo tofauti, maana anayeshika historia vizuri anaweza kuanguka kwenye kemia.

Namna ya kufikiri inaonekana haraka zaidi. Andika ubaoni: kilo 25 za unga ni franka 40.000, kilo 7 ni ngapi? Kataza jibu tupu, dai njia. Mmoja atatafuta kilo moja, 1.600, azidishe kwa 7. Mwingine atasema kilo 5 ni 8.000, kilo 2 ni 3.200, ajumlishe. Wa tatu atachora mfuko na kuugawa. Wote wanafika 11.200. Kisha kila mmoja atatue hesabu nyingine kwa njia ya jirani yake. Pale anapokwama ndipo pa kufanyia mazoezi. Mwalimu akifuta njia mbili na kubakiza ile ya kitabu, zoezi limeishia hapo.

Imebaki lugha, na kwetu hili ni zito. Swali la fizikia linakuja kwa Kifaransa. Mwache mwanafunzi kwanza aeleze kwa Kiswahili, hata kile cha Kenya (komini yetu ya hapa Lubumbashi, si ile nchi). Akieleza sawasawa kwa Kiswahili na kukwama kwa Kifaransa, fizikia anaijua. Anachokosa ni maneno machache, na hayo ayaandike ukurasa wa mwisho wa kaye. Lakini Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, haimngojei, kwa hiyo siku hiyohiyo maelezo yaleyale ayarudie kwa Kifaransa, kaye ikiwa imefungwa.