Watu wa Mombasa na Maji ya Lamu

Nahodha alichomeka kijiti cha mkoko kwenye tope, pale pale maji yalipoishia, akasema: "Maji yatakifunika hiki, halafu yatakifunua. Kikianza kuonekana tu, nataka niwaone nyote wawili hapa." Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi ni mzaliwa wa Mombasa, bahari naijua. Mke wangu akanitupia jicho la pembeni. Anajua kwamba bahari ninayoijua mimi ni ile ya kwenye feri ya Likoni.

Tulikuwa tumefika Lamu jana yake. Basi la kutoka Mombasa lilitupitisha Malindi, Garsen na Witu, tukishuka na kupanda kwenye vizuizi vya polisi huku vitambulisho vikikaguliwa, mpaka barabara ikatuishia Mokowe mbele ya maji. Hapo kila mtu hushuka na mzigo wake na kuingia boti. Robo tatu ya mizigo ya boti letu ilikuwa ya bibi mmoja aliyerudi na magodoro, na nahodha wa boti hakuthubutu kumwuliza lolote.

Mpango wa safari ulikuwa wa mke wangu, na ulikuwa mmoja tu: kula chakula cha jioni Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, kwenye meza ya ukingoni kabisa, maji yakipita chini ya miguu. Alikuwa ameziona picha. Alipiga simu mapema akaweka nafasi ya saa moja na nusu. Mimi ndiye niliyeongeza Takwa, magofu ya mji wa kale kwenye kisiwa cha Manda, mchana. Nilisema tutakwenda mara moja tu na kurudi.

Mashua iliyotuchukua ilikuwa ya tanga, na ubavuni mwa omo, yaani mbele ya chombo, ilichorwa jicho jeupe lenye mwezi na nyota, kama vyombo vingi vya huko. Watu walikuwa wawili, nahodha na baharia, kijana ambaye sikumsikia akisema maneno zaidi ya ishirini siku nzima. Kaskazi ilikuwa inavuma vizuri. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ilipopandishwa na tanga likashika upepo, mashua ililala upande mmoja ghafla, na baharia akatoka nje kukalia ubao uliochomoza juu ya maji, mgongo ukikaribia kulowa, akatafuna karanga. Mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda tuliukata kwa muda mfupi kuliko tuliotumia kubishana bei.

Kisha tukaingia kwenye kijito cha Takwa, na mambo yakabadilika. Mikoko inakufunga kulia na kushoto, upepo unakatika, sauti zinakufa. Tanga likashushwa, baharia akachukua upondo, akawa anausukuma chini na kuuvuta, na kila ulipotoka ulikuja na tope jeusi lenye harufu ya yai lililooza. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na ukiwa ndani ya kijito kile unaamini kwamba yote imekuja kukutazama wewe. Nahodha alikuwa haangalii miti. Aliangalia mizizi, ule mstari wa unyevu kwenye mizizi, na mara moja moja aliangalia jua.

Takwa ilikaliwa kuanzia karibu mwaka 1500, ikahamwa karibu 1700. Wengi husema maji ya visima yaliingia chumvi, na watu wake wakavuka kwenda Shela, ambako mpaka leo wapo wanaojihesabu kuwa wa asili ya Takwa na huja hapa kuomba dua. Nilitarajia mawe mawili matatu. Kumbe kuna msikiti uliosimama na kuta zake, mihrabu iko, na juu ya ukuta wa kibla imesimama nguzo nene ambayo huioni kwenye misikiti mingine. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani kama 1682 au 1683. Mibuyu imeota katikati ya nyumba za watu. Nilisimama mbele ya mmoja uliosimama mahali ambapo pengine palikuwa ukumbi wa mtu, nikajaribu kufikiria alikokuwa anavulia viatu.

Hapo ndipo tulipopoteza muda? Hapana. Muda tuliupoteza upande wa pili. Ukiyaacha magofu na kuvuka vilima vya mchanga unatokea bahari kuu, ufuko mtupu, mawimbi makubwa, hakuna mtu. Mke wangu akavua viatu. Nikasema dakika kumi. Tukaokota makombe, tukakimbizana na mawimbi kama watoto, tukapiga picha ambazo zote zina kidole changu. Bahari ya upande ule inapiga kelele kiasi kwamba hata tungeitwa tusingesikia. Na tuliitwa. Tulipopanda kilima kurudi, ndipo tukaisikia sauti ya nahodha kutoka mbali, imeshakwaruza: "Ndooni! Ndooni!" Waamu, watu wa Lamu, ndivyo wanavyosema njooni.

Kile kijiti kilikuwa kikavu mpaka chini. Kaa mdogo mwenye gando moja kubwa alikuwa amesimama kando yake akiwapungia wenzake. Maji yalikuwa yamejitenga hatua nyingi, na mashua, ambayo nahodha alikuwa ameisogeza mara tatu kufuata kina, sasa ilikuwa imekaa kwenye tope katikati ya kijito. Tukaifuata kwa miguu. Mguu unazama hadi gotini, ukiuvuta unatoa mlio wa aibu. Tukasukuma wote wanne. Haikusogea hata shibiri moja.

"Bamvua," akasema nahodha, akijipangusa. Ilikuwa mwezi mpevu, siku ambazo bahari hujaa sana na hupwa sana. Kwenye pwani yetu tofauti ya maji wakati huo hupita mita 3, na yakianza kutoka hutoka kwa haraka. "Sasa tutoke saa ngapi?" nikauliza. Akahesabu kwenye vidole. Maji yalijaa saa kumi na nusu, yatapwa mpaka kama saa tano usiku, halafu ndiyo yaanze kurudi. "Saa nane hivi. Na ushei."

Mke wangu alitoa simu, akapiga Shela, akafuta nafasi ya meza. Hakuniambia neno. Nahodha ndiye aliyevunja ukimya ule, maskini, kwa kunichoma mimi. "Usijali, shemeji," akamwambia. "Watu wa Mombasa hawakuanza leo kukwama kwa maji yetu."

Alikuwa anasema vita vya Shela. Karibu mwaka 1813 Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, wakiwa na wenzao wa kisiwa cha Pate, walishuka Shela kuivamia Lamu. Waamu waliwapiga, wakawarudisha mbio mpaka ufukweni, na pale ufukweni wavamizi wakakuta maji yametoka na vyombo vyao vimekaa mchangani. Yaliyofuata hayasimuliki mtu akiwa anasubiri chakula. Baada ya hapo Lamu ikajiegemeza kwa Sayyid wa Oman, na ile ngome iliyoko Mkunguni ikakamilika 1821. Habari hii niliisoma shuleni. Hakuna aliyenifundisha sehemu ya maji kupwa, au waliifundisha siku ambayo sikwenda.

Baharia, bila kuulizwa, alishaanza kupika. Kwenye tezi, nyuma ya chombo, kulikuwa na kisanduku cha mchanga na jiko la makaa juu yake. Walikuwa na changu watatu waliowavua asubuhi kwa mshipi, mchele, ndimu, na nazi mbili. Alikalia mbuzi akakuna nazi kwa mwangaza wa mwezi, ambao ulikuwa umetoka nyuma ya vilima vya mchanga, mwezi mkubwa na mwekundu, akaikamua tui kwa kitambaa. Shida ikawa moja: mashua ilikuwa imelala ubavu. Kila kitu kilikuwa mshazari, na sisi tumejibana upande mmoja kama mizigo ya yule bibi wa magodoro. Sufuria ilipoinjikwa, tui lote likakimbilia upande wa chini na mchele ukabaki mlimani. Akalitazama tatizo hilo, akavua ndara yake moja, akaichomeka chini ya sufuria, akainama kupima kwa jicho kama fundi wa ukuta. Wali uliiva hivyo: upande mmoja bokoboko, upande mwingine ukoko, katikati kwenyewe kumenyooka. Mke wangu aliuchukua ukoko wote, na hapo nikajua nimesamehewa, angalau nusu.

Usiku wa kijitoni una mambo yake. Mbu walikuwepo, sitawaficha. Lakini tope lile lililo kimya mchana, usiku linasema: linatoa mapovu, linatafuna, magando yanagonga gonga kila mahali. Nahodha alilala palepale alipokuwa amekaa. Kama saa nane kasoro nikaona mwanga wa mwezi umeanza kutambaa juu ya tope kutoka mdomoni mwa kijito, ukija polepole ukizunguka mizizi. Ni maji. Yaligusa mbao, mashua ikalia mlio mdogo, ikatulia, ikalia tena. Halafu ikajiinua yenyewe na sufuria ikabingirika. Nahodha akafungua macho, akasema "Haya," akashika usukani.

Shela tuliipita alfajiri kuu. Ile meza niliiona, kiti kimepinduliwa juu yake.

Jioni yake tulikwenda kuila haki yetu, saa mbili usiku. Kamba wa kuchoma, mkate wa mofa, juisi ya ukwaju, vyote vizuri na vyote ghali. Tukapewa ukingoni kabisa kama tulivyoomba. Chini ya miguu yetu kulikuwa na mchanga mtupu, kamba ya nanga iliyolegea, na punda mmoja amesimama mahali palipopaswa kuwa na bahari. Mhudumu alituwekea sahani akaona tunavyotazama. "Yametoka tu," akasema. "Yatarudi."

Kesho yake tulipatana na nahodha yule yule atupitishe Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara ambao chombo hakipiti vizuri mpaka maji yajae, kisha twende Pate. Alisema saa kumi na moja alfajiri. Saa tisa usiku tulikuwa tumeshafika ufukweni, mimi na mke wangu, mabegi mgongoni, viatu mkononi. Mashua ilikuwa imelala ubavu mchangani, maji yako hatua kumi kutoka kwake. Ndani yake nahodha alikuwa amejifunika tanga, anakoroma.